Ukurasa Usinyooshwe: Maoni juu ya Hisia, Mpangilio wa Herufi na Sanaa ya Viraka

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa ushairi wa Kiswahili tumezoea kuuliza maswali mawili makuu: shairi linasema nini, na linaimbika vipi? Swali la tatu, yaani shairi linaonekanaje, huulizwa kwa nadra, na linapoulizwa huachiwa mpiga chapa kana kwamba halimhusu mhakiki. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba mpangilio wa herufi ukurasani, pamoja na ndugu yake wa karibu ambaye ni sanaa ya kubandika viraka, unaweza kubeba hisia ambazo maneno peke yake hayazibebi. Aidha, inapendekeza kipimo kimoja chepesi cha kuamua ni lini mpangilio huo ni sehemu ya maana, na ni lini ni pambo tu.

Nakiri kwamba nina sababu yangu ya kulishika jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita, baada ya kumzika mama yangu, nilitunga shairi fupi kwa ajili ya diwani ya watunzi mbalimbali. Maneno karibu yote yalikusanyika juu ya ukurasa. Kisha karatasi ikabaki tupu hadi chini kabisa, karibu na nambari ya ukurasa, palipokuwa na neno moja: mama. Diwani ilipotoka nilikuta neno lile limevutwa juu na kufanywa mshororo wa mwisho, na nafasi iliyookolewa amepewa mtunzi mwingine. Mhariri, ambaye ni mtu muungwana, alinieleza kwamba karatasi ni ghali na kwamba hakuna neno lililopotea. Ni kweli, hakuna neno lililopotea. Kilichopotea ni umbali baina ya neno la mwisho na yale yaliyolitangulia, na umbali huo ndio niliokuwa nikiuomboleza.

2.0 Istilahi mbili

Kwa taipografia tunakusudia sanaa ya kuchagua na kupanga herufi za chapa: umbo lake, ukubwa wake, uzito wake, mlazo wake, na nafasi inayoachwa baina yake. Taipografia ya majaribio ni ile inayovunja kwa makusudi desturi ya mistari iliyonyooka na pambizo zilizo sawa. Kolaji, kwa upande mwingine, ni neno lililotokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kubandika kwa gundi. Kwa Kiswahili twaweza kuiita sanaa ya viraka, na istilahi hii ina faida yake, kwani kiraka ni kipande kilichokuwa na maisha mahali pengine kabla ya kushonwa hapa, na jicho huendelea kukitambua kuwa ni mgeni.

Sanaa hizi mbili zina undugu. Zote hutumia vitu ambavyo msanii hakuviumba. Herufi imetengenezwa na mwingine, na inafanana na herufi nyingine elfu. Kipande cha gazeti nacho kimeandikwa na mtu asiyejua kitakatwa. Hisia ya msanii, basi, haiwezi kukaa ndani ya kitu chenyewe kama inavyokaa katika mwandiko wa mkono au katika mtetemo wa sauti. Hukaa katika namna alivyokiweka. Kwa hiyo anayeuhamisha mpangilio wa kazi ya namna hii amegusa mahali pale pale ambapo msanii aliiweka hisia yake.

3.0 Jaribio la kunyoosha

Ni dhahiri, hata hivyo, kwamba si kila herufi iliyopindishwa ina maana. Wanafunzi wetu hutuletea mashairi yenye maumbo ya mioyo, ya mitungi na ya ramani ya Afrika, na mengi kati yake hayasemi zaidi ya ambalo yangelisema katika mistari ya kawaida. Mhakiki anahitaji kipimo. Ninapendekeza tuchukue shairi lenyewe, tulinyooshe katika mistari ya kawaida, kisha tujiulize nini kimepotea. Ikiwa tunaweza kukitaja kilichopotea, mpangilio ulikuwa maana. Ikiwa hatuwezi, ulikuwa pambo.

Tuchukue mifano miwili iliyobuniwa kwa ajili ya makala hii. Mtunzi wa kwanza anaandika neno “machozi” kwa kuzishusha herufi zake saba moja moja, kila moja katika mstari wake. Tukilinyoosha, tunabaki na neno “machozi”. Msomaji alikwisha kujua kwamba machozi hudondoka, na umbo limemrudia lile alilolijua. Hili ni pambo. Mtunzi wa pili anaandika hivi:

Baba aliondoka alfajiri
Baba aliondoka
Baba



na hakurudi.

Tukiunyoosha mfano huu tunapata sentensi ya kigugumizi: Baba aliondoka alfajiri, Baba aliondoka, Baba, na hakurudi. Tunaweza kukitaja kilichopotea. Katika mpangilio wa awali jicho linaiona sentensi ikiliwa upande mmoja: kwanza wakati unaondoka, kisha tendo linaondoka, hatimaye anabaki mtu peke yake. Baada yake kuna nafasi tupu ambayo msomaji analazimika kuivuka kabla ya kupewa habari, kama mtoto aliyekaa kizingitini akiingojea. Nafasi hiyo ni sawa na kimya cha fanani anayesimama kidogo katikati ya hadithi huku hadhira imemkazia macho. Hakuna mtafiti wa fasihi simulizi ambaye angethubutu kukifuta kimya hicho katika unukuzi wake akadai kwamba hakuna neno lililopotea.

4.0 Mashahidi kutoka Ulaya

Mjadala huu una historia ndefu katika Ulaya, na haitufai kuunakili wala kuupuuza. Mwaka 1897 Stéphane Mallarmé alitoa katika jarida la Cosmopolis shairi lake la “Un coup de dés”, ambamo maneno yenye ukubwa mbalimbali yametawanyika katika weupe wa karatasi. Mallarmé alikusudia kurasa mbili zinazotazamana zisomwe kama uwanja mmoja, lakini jarida lilizichapa kurasa moja moja. Mtunzi alifariki mwaka 1898, na toleo lililojaribu kuufuata mpango wake lilitoka mwaka 1914. Kumbe kilio cha mtunzi dhidi ya kunyooshwa si cha jana.

Mwaka huo huo wa 1914 Mwitaliano Filippo Tommaso Marinetti alitoa Zang Tumb Tumb, kitabu kuhusu kuzingirwa kwa mji wa Edirne katika vita vya Balkani. Humo herufi zinavimba, zinapangwa mshazari na kurundikana ili kuiga mizinga. Tukizinyoosha, kishindo kinapotea. Kwa hiyo kitabu hiki kinafaulu katika jaribio letu. Lakini inafaa tuwe waangalifu, kwa sababu sauti kubwa si lazima iwe hisia kubwa. Marinetti ndiye aliyeitukuza vita katika ilani yake ya mwaka 1909, na ukurasa wake umejaa msisimko wa mtu anayeupenda mlio wa mzinga. Jaribio la kunyoosha linatuambia kwamba mpangilio una maana; halituambii kwamba maana hiyo ni njema. Hilo ni jukumu jingine la mhakiki, na majaribio ya fani hayamwondolei mtunzi dhamana ya maudhui.

Tofauti ni kubwa tukimgeukia Guillaume Apollinaire, aliyeandika akiwa askari, akajeruhiwa kichwani mwaka 1916, na kufariki Novemba 1918, mwaka uleule ilipotoka diwani yake ya Calligrammes. Katika shairi lake la mvua, mistari mitano inateremka kwa mshazari toka juu hadi chini, herufi moja baada ya nyingine, nayo inazungumzia sauti za wanawake zinazonyesha katika kumbukumbu. Huenda msomaji akauliza tofauti yake na “machozi” tuliyoyaita pambo. Tofauti iko katika kazi anayopewa msomaji. Neno moja lililoteremshwa hutambulika kwa mtupo mmoja wa jicho. Sentensi nzima iliyoteremshwa haionekani kwa mara moja. Msomaji huiokota herufi kwa herufi, husahau mwanzo wake akiwa bado hajafika mwisho, kama mtu anayejaribu kuikumbuka sauti ambayo inamponyoka. Ugumu wa kusoma ndio ugumu wa kukumbuka. Tukiinyoosha, tunaisoma kwa wepesi, na wepesi huo ni uongo.

Hali kadhalika shairi lake la njiwa aliyechomwa kisu na chemchemi ya maji. Majina ya wanawake aliowapenda yanaunda njiwa, na majina ya marafiki waliokwenda vitani yanarushwa juu kama maji kisha yanaanguka. Yakinyooshwa, majina hayo yanakuwa rejista ya mahudhurio. Yakiachwa yalivyo, kila jina linaonekana likipanda na tayari linashuka.

5.0 Mkasi na gundi

Kolaji haina mistari ya kunyooshwa, kwa hiyo kipimo chetu kibadilike kidogo. Tujiulize: kama vipande vilivyobandikwa vingeondolewa, na mahali pake zikawekwa picha za kuchorwa kwa mkono zinazofanana navyo, nini kingepotea? Picasso alipobandika mwaka 1912 kitambaa kilichochapwa mfano wa msuko wa kiti na kuizungushia picha yake kamba, alikuwa akicheza na swali hili hili, ingawa kwa mzaha zaidi ya uchungu.

Uchungu unaonekana kwa Hannah Höch wa Berlin. Höch alifanya kazi katika shirika la uchapishaji la Ullstein akibuni ruwaza za taraza na ufumaji kwa ajili ya majarida ya wanawake. Mkasi ulikuwa chombo chake cha kazi. Katika kolaji yake kubwa ya miaka 1919 na 1920, ambayo jina lake linataja kisu cha jikoni, aliwakatakata wanasiasa na majenerali wa Ujerumani, akaviunganisha vichwa vyao na miili isiyo yao katikati ya magurudumu na mashine. Katika pembe ya chini alibandika ramani ya nchi za Ulaya ambamo wanawake walikuwa wamepata haki ya kupiga kura, na karibu yake uso wake mwenyewe, mdogo mno. Kama Höch angewachora majenerali wale, tungepata katuni, na hasira ingekuwa yake peke yake. Kwa kuwa vipande ni picha halisi zilizotoka katika magazeti ya wakati ule, wakubwa wale wanadhihakiwa kwa nyuso zile zile walizozitoa wenyewe ili watukuzwe.

Mfano wa karibu nasi zaidi ni Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972 na kusomea sanaa nchini Marekani. Katika mfululizo wa kazi 12 alioutengeneza katikati ya miaka ya 2000, Mutu alichukua kurasa za vielelezo vya tiba vya zamani vinavyoonyesha maradhi ya viungo vya uzazi vya mwanamke, na juu yake akabandika macho, midomo na ngozi zilizokatwa katika majarida. Nyuso zinazotokea zinatisha na kuvutia kwa pamoja. Tukizichora nyuso hizo kwa mkono, tunabaki na ndoto mbaya ya msanii mmoja. Zikiwa viraka, kuna mashahidi wawili ambao hawakuja kutoa ushahidi: daktari aliyeuona mwili wa mwanamke kuwa ni ugonjwa, na jarida lililouona kuwa ni bidhaa. Msanii amewakutanisha tu. Hasira na huruma zinazomjia mtazamaji zinatokana na kukutana kwao, na mkutano huo hauwezekani bila karatasi yenyewe.

6.0 Nyumbani: kanga na ushairi

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kigeni. Jibu la kwanza limo kabatini mwa kila nyumba ya Mswahili. Historia inayosimuliwa juu ya kanga yasema kwamba katika karne ya kumi na tisa wanawake wa pwani walinunua leso za mraba zilizokuwa bado hazijakatwa, wakachukua vipande vitatu vitatu na kuvishona viwe nguo moja. Ikiwa ndivyo, basi kanga ilizaliwa kama sanaa ya viraka, na jina la leso, ambalo lingali likitumika Mombasa, ni kumbukumbu ya mshono huo. Baadaye, katika karne ya ishirini, nguo hiyo ilipata jina, yaani maandishi yake, kwanza kwa hati za Kiarabu na kisha kwa hati za Kirumi.

Lakini kanga inatufunza jambo ambalo Ulaya haikulifunza. Herufi za jina la kanga ni kubwa, zimenyooka, na hazitetemeki. Wivu, mahaba, dua na kijembe vyote huandikwa kwa sura moja. Kwa mtazamo wa Marinetti, taipografia hiyo ni baridi. Hata hivyo watu wamegombana na kupatana kwa sababu ya kanga. Siri ni kwamba ukurasa wake ni mwili unaotembea. Maana hukamilika pale mvaaji anapopita mbele ya mlango fulani, siku fulani, jina likiwa limeangukia nyuma mahali ambapo jirani hana budi kulisoma. Na akiulizwa, anaweza kujibu kwamba amependa rangi tu. Unyoofu wa herufi ndio unaompa nafasi ya kukana. Hapa pia hisia iko katika kuweka: doti ile ile iliyokunjwa dukani haimtukani mtu.

Jibu la pili limo katika historia ya ushairi wetu wenyewe. Katika miswada ya kale ya hati za Kiarabu, ubeti wa utenzi mara nyingi uliandikwa kwa mstari mmoja, vipande vyake vinne vikifuatana toka kulia kwenda kushoto. Mpangilio wa mishororo minne inayopandiana, ambao leo tunaudhani kuwa ndiyo sura ya asili ya utenzi, umeenea pamoja na uchapaji wa hati za Kirumi. Kwa hiyo ukurasa wetu wa kimapokeo nao ulikwisha kupangwa upya na watu wa chapa. Wanaoutetea dhidi ya majaribio wanaitetea, kwa sehemu, desturi ya matbaa.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba mgogoro mkubwa wa miaka ya 1970 haukuligusa suala hili ipasavyo. Upande mmoja ulisimama juu ya msingi uliowekwa na Kaluta Amri Abedi katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954). Upande wa pili ulikuwa na Kichomi cha Euphrase Kezilahabi (1974) na Malenga wa Bara cha Mulokozi na Kahigi (1976). Pande zote mbili ziligombea sikio: je, shairi lisilo na vina na mizani ni shairi? Jicho halikuwa na wakili. Ndiyo maana Kithaka wa Mberia alipoupa mpangilio wa maneno ukurasani nafasi ya wazi katika diwani zake, zikiwamo Mchezo wa Karata (1997) na Bara Jingine (2001), wahakiki waliomwelewa walilazimika kutafuta istilahi katika isimu, kwani ushairi wetu haukuwa nazo tayari.

Pingamizi zito zaidi ni hili: Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla (1973), iliyotungwa gerezani, imejengwa kwa arudhi, na hakuna anayeweza kudai kwamba imepungukiwa na hisia. Pingamizi hili nalikubali, na linaifafanua hoja yangu. Mizani humshika mkono mwenye uchungu; humlazimisha kuvuta pumzi mahali pake hata pale ambapo kifua hakitaki. Hisia inayotokana na hapo ni ya mtu aliyejizuia. Ukurasa uliovunjika hufaa kwa hisia ya mtu ambaye kizuizi kimemshinda. Fasihi inayokataza mojawapo inawakataza baadhi ya watu wake kulia kwa namna yao.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Tumedai kwamba katika kazi zilizopangwa kwa makusudi, hisia hukaa katika uwekaji, na kwamba uwekaji huo unaweza kupimwa. Yapo mambo matatu yanayofuata. Kwanza, sisi wahakiki tuache tabia ya kunukuu mashairi ya aina hii ndani ya aya, mistari ikitenganishwa kwa mikwaju. Tuyaonyeshe yalivyo, au tuyaeleze tulivyoyaona. Pili, wahariri wa diwani, hasa zile za shule, wamwulize mtunzi kabla ya kuokoa nafasi. Gharama ya karatasi ni hoja ya kweli, na mtunzi anaweza kuchagua kuliondoa shairi lake kuliko kulitoa limekatwa kiungo. Jambo hili limezidi kuwa la lazima sasa ambapo mashairi husomwa kwenye simu, kwani maandishi humwagika yenyewe kufuata upana wa kioo, na unyooshaji hufanyika bila hata mhariri muungwana wa kuulizwa. Tatu, idara zetu ziwafundishe wanafunzi wa ushairi istilahi za chapa sambamba na zile za vina na mizani, ili atakayedai kwamba nafasi tupu ina maana aweze kuitetea, na asiyeweza kuitetea aifute mwenyewe.

Shairi langu nimelichapa upya, kwa gharama yangu, katika karatasi moja. Neno la mwisho liko chini, karibu na nambari ya ukurasa. Ndugu zangu walioliona hawakuniuliza kwa nini liko mbali kiasi kile.